Kicheko Ndani ya Eda

Jumatatu, 3 Juni

Maji ya Mama yamechemka kabla sijamaliza kufagia ua. Baridi kweli leo. Mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa, nimeyasogeza karibu na jiko yayeyuke nimpake miguu. Uji wa mtama, tangawizi, pilipili manga. Ameonja, akarudisha bakuli.

Kipupwe cha kwanza bila Omari. Mume wangu, mwana wa Mama. Alifariki masika, Ramadhani imekwisha tu, mvua inanyesha hadi kaburini ikabidi wachote maji. Tangu siku hiyo nimekaa eda. Kizuka. Sitoki nje ya ua, sipaki wanja, sijitii manukato, sivai cha rangi. Nyeupe tu mpaka siku zitimie. Mama mkwe wangu yupo nami humu humu. Nyumba ni yake, alikuwamo kabla sijaolewa.

La leo, ambalo sitamwambia mtu: nimelala mpaka adhana ya alfajiri. Moja kwa moja. Miaka mitatu tangu Omari apooze upande mmoja nilikuwa naamka kila akigonga ukuta kwa fimbo. Kumgeuza. Kumpa maji. Kubadilisha shuka. Sasa hakuna anayegonga. Nimeamka mwili mwepesi, nikajinyoosha, nikaona raha. Kisha nikakumbuka kwa nini naona raha.

Nilikaa muda kitandani, nimeshindwa kutia udhu kwa aibu. Kama Mungu hajui.

Alhamisi, 6 Juni

Wageni wa pole kutoka Mkange, ndugu wa upande wa marehemu. Walichelewa kupata habari, njia ilikuwa imekatika kwa mvua. Nimetandika mikeka, tumesoma Yasini, wakalia, nikalia.

Mmoja wao, mama mtu mzima, akanishika kidevu. "Mashallah, umenawiri." Alisema kwa wema, nadhani. Nilitaka niingie chini ya mkeka.

Ni kweli. Nimenenepa. Nakula wali, nakula mbaazi, naongeza. Miaka mitatu nilikula nimesimama, sikio liko chumbani. Sasa nakaa chini, natafuna, nasikia chumvi. Mama ndiye anayeisha. Kanga inamzunguka mpaka anakosa pa kuichomekea. Mtu akiingia humu ndani bila kujulishwa atadhani mjane ni yeye, mimi nimekuja kutembea.

Mbele ya wageni nilijilazimisha kuwaza jeneza ili machozi yaendelee. Yakaja. Nimejichukia.

Nilimpenda Omari. Naliandika hili lisije likapotea katikati ya hayo mengine. Mtu mpole, maneno machache, alinijengea jiko la nje lenye paa wakati wanaume wenzake wanasema moshi ni mambo ya wanawake. Nililia kwa kweli siku ile. Ila chini ya kilio kulikuwa na mtu aliyetua mzigo. Wote wawili ni mimi.

Jumanne, 11 Juni

Jua limetoka vizuri. Tumekaa baraza ya uani, pale ukuta unapopata joto. Mama hakai bila mimi. Nikiingia kutazama sufuria, naye anajikongoja kuingia. Nikitoka, anatoka.

Chai, hataki. Muhogo, hataki. Nimemwambia Mama, utaugua. Akasema kaugua nani.

Akaja jirani, Mama Shabani, na machungwa kwenye ungo. Huyu hana habari ndogo. Mumewe jana aliamka alfajiri umeme umekatika, baridi inamtetemesha, akapapasa kamba ya nguo, akavaa anachodhani ni kanzu. Akaenda msikitini. Umeme ukarudi watu wako rakaa ya pili. Mzee Shabani kasimama safu ya mbele ndani ya dera la mkewe, maua mekundu, shingoni lesi. "Waliokuwa nyuma yake," anasema Mama Shabani, "hakuna hata mmoja aliyetoka na swala yake nzima."

Mama akacheka. Mkono mdomoni, mabega yanaruka. Mara ya mwisho kumsikia hivyo sikumbuki. Huku anacheka akanyoosha mkono, akachukua chungwa lililomenywa, akalifyonza lote. Kisha akavuta sahani ya muhogo.

Nami nilicheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mchana wote nimekuwa najiuliza kama eda yangu bado ipo.

Ijumaa, 14 Juni

Hivyo ndivyo anavyokula. Ukimsimulia kitu, mkono unakwenda wenyewe. Ukinyamaza, mkono unarudi mapajani. Asubuhi Mama Shabani, na habari zake ambazo nusu ni uzushi. Mchana na jioni mimi. Nimemsimulia juu ya kuku wetu, juu ya marehemu baba yangu na meno yake ya bandia, juu ya fundi aliyejifungia darini. Supu imekwisha. Mashavu yamepata rangi. Anauliza kesho tutapika nini.

Nami nina furaha. Nimeliandika, basi. Mwanamke aliyefiwa na mume, ndani ya nguo nyeupe, asubuhi anaamka anatafuta cha kuchekesha. Sijui kuna dua gani ya mtu kama huyo.

Jumatatu, 17 Juni. Idi

Wifi Zuhura amekuja kutoka Lugoba na mguu wa mbuzi. Dada yake Omari, mdogo wake wa pekee. Hatukujua kama anakuja.

Katukuta barazani. Mama Shabani yupo, katoka kuswali, nguo mpya. Mimi nilikuwa nimesimama namwiga yule fundi wa darini anavyoomba msaada kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asisikie. Kanga imenidondoka kichwani. Mdomo wazi. Mama anajifuta machozi ya kicheko, wali mkononi. Nikageuka nikamwona Zuhura mlangoni mwa ua. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani.

Hakupandisha sauti. "Kaka yangu kaburi halijaota hata majani, wifi. Nanyi mnafanya sherehe."

Mama Shabani akatafuta viatu vyake. Mama akarudisha wali sahanini. Zuhura akaweka ile nyama chini, akakaa juu ya kizingiti, akalia. Kilio cha mtu aliyesafiri na kilio chake njia nzima, anakwenda kulia na wenziwe, akawakuta hawalii. Nilisogea kumshika, akaondoa bega.

Nyama nimeipika. Imeliwa kimya. Mama hakuigusa.

Jumatano, 19 Juni

Zuhura kesharudi Lugoba. Neno lake limebaki. Usingizi ninao bado, hilo silo la kuamua mimi, lakini mengine naweza kuyaamua.

Nimemwomba Mama Shabani asije kwanza. Kanuna, kisha kasema sawa. Barazani sikai tena. Jua ni starehe, na mimi sikukaa eda kutafuta starehe. Nakaa chumbani, mlango nimeurudishia. Nala kidogo. Sisimulii kitu.

Hakuna kitabu kinachomkataza kizuka kuota jua ndani ya ua wake. Nalijua hilo tangu madrasa. Nimejikataza mwenyewe, na kwa kujikataza nimejisikia vizuri kidogo. Nilistahili.

Mama naye kaingia ndani. Kakaa kitandani pangu, kajifunika. Nimemwambia atoke apate joto. Kasema, peke yangu nitazame nini.

Alhamisi, 27 Juni

Upepo wa kusi haujapumzika tangu juzi. Chumba kina baridi ya chini, inapanda kwa miguuni. Mama anakohoa. Kikohozi kikavu, cha asubuhi. Nimemchemshia tangawizi na mchaichai, nimemfukiza kwa majani ya mkaratusi, nimempaka mafuta ya karafuu kifuani. Hali tena. Nikimwambia kula anameza mara moja kunifurahisha, basi.

Leo aliniambia nimsimulie kitu. Nikasema sina.

Ninacho. Asubuhi niliona kitu uani, nikakicheka peke yangu dirishani, kisha nikajifinya mkono.

Jumanne, 2 Julai

Kikohozi kimeshuka chini. Sasa kina maji. Jana alipata homa, leo imepungua, sijui kama imepungua au ngozi yake imepoa kwa upepo. Zahanati iko barabarani, bajaji inafika upesi.

Nimemtumia Zuhura ujumbe. Kajibu, Ijumaa anakuja, atampeleka yeye. Nikaona afadhali. Ijumaa si mbali.

Niandike sawasawa. Haja ya ugonjwa inamruhusu kizuka kutoka. Hilo nalo nalijua tangu madrasa. Sikuogopa dhambi. Niliogopa mtu kule barabarani aseme, mnaona, kapata sababu ya kutoka. Niliogopa lifike Lugoba.

Alhamisi, 4 Julai

Asubuhi Mama hakuweza kushika kikombe. Pumzi fupi fupi, pua zinacheza. Midomo ina rangi nisiyoijua. Nilimwita, akafungua macho, akaniita kwa jina la Zuhura.

Nilivaa ushungi mweupe nikatoka barabarani kichwa wazi nusu, napunga mikono. Mama Shabani akaniona, akaacha chapati zake zinaungua, akaja kumbeba miguu. Hakuna aliyesema kitu juu ya kizuka. Dereva wa bajaji aliweka koti lake begani kwa Mama.

Zahanati wakatuandikia kwenda hospitali mjini. Nimonia. Wamemwekea mpira wa hewa puani, sindano, dripu. Daktari kijana, mpole. Akauliza ameanza lini kukohoa. Nikasema. Akaandika, akasema mgonjwa wa umri huu baridi ikiingia msikawie kumleta. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Nimekaa kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Nilijinyima jua nikamnyima na yeye. Nilijinyima kicheko, chakula chake kikaenda nacho. Nilidhani naadhibu mtu mmoja.

Ijumaa, 5 Julai

Zuhura kafika. Kamshika mama yake miguu, kambusu nyayo. Kisha kaniita nje, kwenye benchi.

Kaniuliza kwa nini sikumleta mapema. Nilikuwa na majibu mengi. Moja lilikuwa ni yeye mwenyewe, maneno yake ya Idi, na lilinifika mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza. Hakuniambia nimfungie mama yake chumbani. Nikasema, "Niliogopa watu."  Akasema Mama akitoka hapa, anampeleka Lugoba.

Nikasema sawa.

Jumapili, 7 Julai

Pumzi imetulia. Wameondoa ule mpira. Zuhura kaenda kutafuta uji, tumebaki wawili. Mama macho yake yamerudi kuwa ya kwake.

Nimemwuliza kwa nini hali. Siku zote nilimlazimisha, sikuwahi kumwuliza. Akafumba macho mpaka nikadhani kalala. Kisha: "Omari mwisho hakuweza kumeza. Nikiweka kitu mdomoni naliona koo lake."

Mimi ndiye niliyekuwa namlisha Omari. Kwa kijiko cha chai, tone kwa tone. Koo lile nililiona kuliko mtu yeyote. Na wali wangu unapita vizuri tu.

Basi nikamwambia. Sikupanga. Nilisema Mama, mimi nakula. Na usiku nalala. Tangu alipoondoka nalala mpaka alfajiri.

"Najua, mwanangu. Nakusikia unavyokoroma." Akakohoa, akapumzika. "Ndiyo nami nalala. Nikisikia kuna mtu ndani."

Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Muuguzi alipita akatutazama vibaya.

Ijumaa, 12 Julai

Wamemruhusu. Zuhura kakodi gari moja kwa moja mpaka Lugoba, kupitia Msata. Kamvika Mama sweta mbili, kamfunika na blanketi. Mama kasema angependa kurudi Zinga, nyumbani kwake. Kasema mara moja tu, kwa sauti ndogo. Zuhura kasema, "Mama, kule nani atakutazama." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mto wake.

Nikampa mto. Mlango wa gari ulipofungwa Mama aliweka kiganja kwenye kioo. Nami nikaweka changu. Kisha nikapanda bajaji nikarudi kumalizia eda.

Jumatatu, 15 Julai

Nyumba nzima ni yangu. Kimya. Hakuna wa kumchemshia maji.

Silali. Kichekesho chenyewe hiki. Nimelala miezi yote hii nikiona haya, sasa haya iko palepale na usingizi umeondoka. Nasikia kila kitu. Mnazi ukiangusha kuti, nakaa wima.

Mama Shabani kaja bila kuitwa, kakaa, hakusimulia kitu. Kanichambulia mbaazi, kaondoka. Nimemshukuru.

Jumapili, 21 Julai

Zuhura hapigi simu. Natuma salamu, anajibu kwa neno moja. Hajambo. Namjua Mama, hajambo yake inaweza kuwa imelala kitandani.

Leo nimetoka barazani asubuhi, nikakaa juani. Sikujiruhusu, nilikuwa na baridi tu. Nimekula chapati ya jirani. Mashavu yangu nayaona kwenye kioo, yamepungua. Nilidhani yakipungua nitasikia nafuu.

Jumamosi, 27 Julai

Nilikuwa nakoroga mbaazi simu ikalia. Zuhura. Kabla sijapokea nikasema tayari, innalillahi, ndiyo hiyo.

Hakunisalimia. Sauti ya mtu aliyechoka. "Wifi, hali. Nimempikia kila kitu. Anatazama sahani tu." Nilisikia gari kubwa likipita barabarani kwao. Akasema, kama anaomba kitu dukani ambacho hana uhakika kinauzwa, "Nasikia ukimsimulia anakula."

Akaiweka simu karibu na sikio la Mama. Nilisikia pumzi yake. Nikasema shikamoo Mama. Marahaba, mwanangu. Sauti nyembamba.

Sikuwa na habari. Kizuka peke yake ndani ya ua, atapata wapi habari. Nikatunga. Nikasema mbuzi wa Mama Shabani kaingia uani kala nguo zangu nyeupe kwenye kamba, zote, kabakiza kola. Nikasema sasa nimekaa eda ndani ya gauni la kulalia la Omari lile refu la kule hospitali, lenye kufungwa kwa nyuma, mgongo wote nje, watu wa pole wakija inabidi niwapokee nimeegemea ukuta na nisindikize wageni kinyumenyume mpaka mlangoni.

Uongo mtupu. Ndani ya eda. Na gauni la marehemu nimelitia humo.

Nikabana simu sikioni. Kisha nikamsikia Mama. Kile kicheko cha mkono mdomoni. Nikasikia kijiko kinagusa bakuli. Kikagusa tena. Na nyuma yake mtu mwingine anacheka, anajizuia, anashindwa, kicheko kinachofanana na cha Omari alipokuwa mzima, cha puani. Ni Zuhura.

Aibu haikwenda popote. Niliisikia hapo hapo, kifuani, nimesimama na mwiko mkononi.

Zuhura akarudi kwenye simu. Kapenga kamasi. Akasema taratibu, "Mwambie kingine, wifi. Bado nusu bakuli."

Nikaipua sufuria, nikatoka barazani penye jua, nikamwambia kingine.